Sumaku ya Pedeli

Kifurushi cha kutoka Muscat kilifika na kila kitu isipokuwa kile kilicho kidogo kuliko vyote. Shemeji yangu anayefanya kazi huko alikuwa amemtumia kaka yake kompyuta ya baiskeli aliyoacha kuitumia: kioo kidogo cha kufunga kwenye usukani, kihisi cha plastiki nyeusi, vifungo vya mpira, na karatasi ya maelekezo ya lugha nyingi ambamo Kiswahili hakikualikwa. Sumaku haikuwemo. Mume wangu alipekua boksi, akalikung'uta, akachana hata pembe zake.

"Mama Watoto, hukuona kitu kikidondoka?"

Boksi alilifungua yeye, peke yake, barazani. Mimi nilikuwa kwenye cherehani yangu napinda shela la mteja. Lakini katika nyumba hii kitu kikipotea huulizwa mimi kwanza, kisha ndipo hutafutwa.

Niseme kwanza kwa nini mtu mzima mwenye mjukuu alihangaikia kihesabio cha miguu. Kwetu Tanga baiskeli haihitaji kutetewa. Mwalimu anaipanda, muuza samaki anaipanda, mama na buibui lake anaipanda, na hakuna anayegeuka kutazama. Baba Watoto alikuwa na yake ya mtumba kutoka Japani, yenye gia sita na stendi ya miguu miwili inayonyanyua gurudumu la nyuma. Daktari alipomwambia presha yake inataka mazoezi, akaanza kwenda Raskazone kila alfajiri, anazunguka ufukweni na kurudi Ngamiani jua likichomoza. Presha ikashuka kidogo. Magoti yakaanza kuuma.

Wenzake wa barazani mbele ya duka wakamwambia kosa lake: anapenda gia nzito. Anasukuma pedeli polepole kwa nguvu zote, na kila msukumo mzito unaishia gotini. Afadhali gia nyepesi na miguu iende mbio. Maneno hayo angeyapuuza kama si Kigali. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Rwanda, mara ya kwanza kabisa katika ardhi ya Afrika, na mume wangu aliyatazama mpaka mshindi, Pogačar, alipovuka mstari. Hakumtazama usoni. Alitazama miguu. Vilima vile vya Kigali, na miguu ya watu inazunguka kana kwamba haikubeba kitu! Usiku huohuo alimpigia simu mdogo wake Muscat kumwuliza ile mashine ya kuhesabu mizunguko ya pedeli kwa dakika ingali kabatini.

Wapanda baiskeli waliozoea huzungusha pedeli kati ya mara 80 na 100 kwa dakika. Hesabu hiyo wanaiita kadensi, na kuipata ni kazi nyepesi kuliko mtu anavyodhani. Ndani ya kihisi mna kichupa cha kioo chenye vipande viwili vyembamba vya chuma vinavyokaribia kugusana. Sumaku ikipita karibu vinagusana, umeme unapita. Sumaku ikienda zake vinaachana. Kila kugusana ni mzunguko mmoja. Swichi hiyo aliibuni Walter Ellwood mwaka 1936 katika maabara za kampuni ya simu ya Bell huko Marekani, na wala hakuwa na habari ya magoti ya mtu. Kihisi kinafungwa kwenye bomba la fremu linaloelekea gurudumu la nyuma, upande wa kushoto usio na mnyororo. Sumaku inafungwa upande wa ndani wa mkono wa pedeli, ipite mbele ya kihisi kwa umbali wa milimita chache. Bila sumaku, una plastiki nyeusi iliyofungwa kwenye bomba.

Basi ukaanza msako wa sumaku.

Ya kwanza ilitoka mlangoni mwa friji, ile yenye picha ya nanasi. Aliibandika kwenye mkono wa pedeli, ikaanguka. Akaibandika tena, ikaanguka tena. Mkono wa pedeli ni wa aluminiamu, na aluminiamu haina habari na sumaku. Akaifunga kwa uzi wangu wa kudarizi, akazungusha, kioo kikaonyesha sifuri. Sumaku hizo bapa za friji zimepangwa ncha zake kwa mistari, kaskazini na kusini zikipishana, kwa hiyo nguvu yake inashika karatasi vizuri lakini ikifika milimita chache hewani imekwisha. Nanasi likarudi frijini na kovu la uzi.

Ya pili ilitoka kwenye kabati la vyombo. Ile sumaku inayoushika mlango usifunguke wenyewe. Aliikongoa kwa bisibisi nikiwa sokoni. Niliporudi mlango wa kabati ulikuwa wazi, mende anatembea juu ya sahani za wageni, na mwenye nyumba yuko uani amepanda baiskeli iliyosimama kwenye stendi, anakanyaga, jasho linamtiririka, macho yako kwenye kioo.

"Mia na ishirini na mbili!" alinipokea. "Mama Watoto, njoo uone. Mia na ishirini na mbili!"

Sasa, hata mimi nisiyejua mambo haya nilikuwa nimeshasikia habari za Chris Froome, maana zilisimuliwa mezani petu mpaka watoto wakazikariri: aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, akashinda Tour de France mara 4, na mwaka 2013 akaupanda mlima Ventoux amekaa kwenye tandiko huku miguu ikienda kasi ya ajabu. Mume wangu alitangaza kwamba amemfikia. Alisema hayo akiwa amesimama palepale kwenye ua wa Ngamiani, gurudumu hewani, kuku wamemzunguka.

Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka anachambua mchele. Akausogeza ungo.

"Hiyo saa ya ukutani inakwenda?"

"Inakwenda, mama."

"Kanyaga hivyohivyo, usiongeze wala usipunguze." Akatoa tasbihi yake, ile ya punje 33. "Hii si dhikri, Mola ananiona."

Kila mguu wa kulia wa mwanawe uliposhuka, punje moja ilipita kidoleni. Dakika ilipotimia alikuwa amemaliza mzunguko mmoja wa tasbihi na wa pili haujakamilika, punje tano zimebaki. Sitini na moja. Tukatazama kioo: mia na ishirini na mbili.

"Mashine yako inahesabu kila mguu," alisema mama mkwe, akarudi kwenye mchele wake.

Hakuwa mbali na ukweli. Sumaku ya kabati ni kipande kirefu kilichobanwa kati ya mabati mawili madogo, na kila bati ni ncha yake. Alivyoifunga, katika kila mzunguko ncha ya kwanza ilipita na kuifumba swichi, ikaiachia, kisha ncha ya pili ikapita na kuifumba tena. Mashine haikudanganya, iliambiwa mara mbili. Akaigeuza sumaku isimame upande mwingine, na namba ikashuka mpaka pale tasbihi ilipokuwa. Nilimwona usoni. Mtu aliyeshushwa kutoka Ventoux mpaka Ngamiani kwa dakika moja, na mama yake mzazi.

Sumaku ile haikukaa. Aliifunga kwa utepe wa gundi wa mafundi umeme, na jua la Tanga halina mchezo na gundi ya namna hiyo. Mahali fulani njiani kutoka Raskazone ililegea ikaondoka. Akarudi bila sumaku, na kabati langu likabaki bila mlango unaofungwa. Nilimwambia sumaku yangu ya kuokotea sindano, ile yenye umbo la kwato, ikiguswa kutakuwa na kesi. Aliitikia haraka mno, nikaihamishia chini ya mto.

Fundi simu ndiye aliyempa dawa. Katika spika ndogo za masikioni zilizokufa mna visahani vya sumaku ya neodimiamu, vidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, lakini nguvu yake ni ya kutisha. Sumaku za aina hiyo zilipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1980, Masato Sagawa akifanya kazi yake Japani na John Croat yake Marekani, kila mmoja kwa njia yake. Fundi alimpa viwili bure baada ya kumkung'utia spika mbovu mezani. Vilikuja nyumbani vimekumbatiana, na kuviachanisha kulimtoa Baba Watoto kipande cha ngozi.

Kisha akaviweka kibarazani, akaingia ndani kutafuta gundi.

Alipotoka kulikuwa na kimoja.

Mjukuu wetu alikuwa hapo. Ana umri ule wa kila kitu kwenda mdomoni, na alikuwa amekaa kibarazani anatabasamu, mdomo umefungwa. Sijawahi kuona nyumba ikinyamaza na kupiga kelele kwa wakati mmoja, ila siku hiyo. Binti yangu alimfumbua mwanawe mdomo, akapata kipande cha biskuti. Hilo halikututuliza. Sumaku ndogo yenye nguvu si kitu cha kuchezea na mtoto: akimeza moja na kisha nyingine, zinatafutana ndani ya utumbo, zinabana nyama katikati na kuitoboa. Mume wangu hakuwa na habari hiyo. Binti yetu, aliyesomea uuguzi, alimpa habari yote, kwa sauti ambayo baba hazungumzwi nayo, na siku hiyo hakuna aliyemkanya. Tulifagia. Tulipepeta vumbi la kibarazani kwenye ungo. Nilitoa sumaku yangu chini ya mto nikaipitisha sakafuni, ikaokota pini tatu, sindano ya cherehani na njumu ya kiatu. Binti alishavaa ushungi, mtoto kambeba mgongoni, wanaelekea hospitali kupigwa picha.

"Ngoja," ilisikika sauti ya mama mkwe kutoka jikoni.

Alikuwa amekaa kwenye mbuzi, nazi mkononi, anaukagua ulimi wa chuma kabla ya kuanza kukuna. Mbuzi ile ilikuwa imeegemezwa kibarazani palepale. Kisahani kilikuwa kimenata ubavuni mwa ulimi, kwenye meno ya mwisho, na kama si macho yake tungekila na wali.

Tangu hapo sumaku hulala ndani ya kopo la chuma juu ya kabati, na binti yangu ndiye mwenye amri ya kopo. Nadhani ndiyo sheria pekee ya nyumba hii ambayo haijavunjwa.

Jioni iliyofuata ikawa zamu ya supagluu. Aluminiamu haishiki sumaku, basi gundi ishike: hivyo ndivyo alivyofikiri, na kwa kufikiri tu hakuwa na kosa. Alichuchumaa uani, akapaka, akaweka kisahani, akakikandamiza kwa kidole gumba na cha shahada, akahesabu taratibu kama maelekezo yalivyotaka. Gundi ilishika. Ilishika kisahani, mkono wa pedeli, kidole gumba na kidole cha shahada, vyote pamoja.

Ua wetu unatazama njia ya msikitini. Adhana ya magharibi ilikuwa imeshatoka.

"Assalaam aleikum, mzee!"

"Waaleikum salaam."

"Twende, sala hiyo."

"Tangulieni, nakuja."

Walipita wa kwanza, wakapita wa pili, wakapita vijana wa madrasa, na kila kundi lilimkuta amechuchumaa kaishika baiskeli kwa unyenyekevu mkubwa, akiitikia salamu bila kuinua mkono. Mmoja alisimama kumwuliza kama ameangusha kitu. Mimi nilikuwa dirishani, na nakiri sikukimbilia kumwokoa. Mtu aliyelikongoa kabati langu anastahili jamaa wawili watatu wapite kwanza.

Kinachoyeyusha gundi ile ni asetoni, ambayo kwa lugha ya nyumbani ni dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Ya binti yangu ilikuwa imekwisha. Ikabidi nimtume mtoto kwa jirani, bi harusi mpya wa nyumba ya tatu, aseme nani anataka na kwa nini. Alisema. Bi harusi alikuja na kichupa mwenyewe, na wifi zake wawili. Tulimtoa Baba Watoto tone kwa tone, wanawake wanne na kichupa chenye picha ya waridi, na alipofika msikitini walikuwa wameshatoa salamu.

Kisahani kilibaki kwenye pedeli, hilo tulishukuru. Kikakaa mpaka barabara yenye mashimo. Gundi ile ikikauka inakuwa ngumu na kavu, haivumilii mitikisiko. Ilipasuka, na kisahani kikapatikana kimeng'ang'ania mguu wa stendi, ambao ni chuma.

Mtu mwingine angejiuliza kwa nini kimekwenda pale. Yeye aliamua kuing'oa pedeli, akabane sumaku katikati ya pedeli na mkono wake. Akaazima spana. Alikuwa upande wa kushoto, kwa sababu kihisi kiko kushoto, akaizungusha kama mtu anavyofungua nati yoyote ya dunia hii. Haikutoka. Akaingiza bomba kwenye mpini wa spana ili apate nguvu zaidi. Haikutoka. Akamwita mkwe wetu, wakaning'inia wawili. Kilichotoka ni ngozi ya vifundo vya vidole.

Pedeli ya kushoto ina skrubu ya kinyume. Walichokuwa wanafanya ni kuikaza, na kila walipoongeza nguvu walizidi kuikaza. Imefanywa hivyo makusudi, kwa sababu mzunguko wa pedeli una tabia ya kuifungua taratibu skrubu ya kawaida ikiwa upande huo. Wilbur na Orville Wright, kabla hawajarusha ndege, walikuwa na duka la baiskeli huko Dayton, na walizitangaza pedeli zao kwa sifa hiyohiyo ya kutojifungua njiani.

Hayo alielezwa na fundi baiskeli wa barabara ya kumi na mbili, kijana mdogo kuliko wanetu. Alimpa shikamoo Baba Watoto kwa adabu zote, akamtazama vifundo, akaelewa. Akaiweka spana ikiwa imesimama juu ya pedeli.

"Mzee, zote mbili, ya kulia na ya kushoto, spana ikiwa juu vuta kwenda gurudumu la nyuma. Hiyo ndiyo kufungua." Akavuta mara moja, ikalegea. Kisha akaikaza tena. "Lakini hii hatuifungui. Ulikuwa unataka nini?"

Akaonyeshwa kisahani. Akakigeuzageuza, akainama upande wa ndani wa mkono wa pedeli, mahali ekseli ya pedeli inapotokeza ncha yake. Ekseli hiyo ni chuma cha pua tupu. Alikisogeza kisahani, na kabla hajafika kikamruka kidoleni na kutua pale kwa mlio. Akakivuta kwa ukucha, hakikutoka. Akaipiga pedeli teke. Hakikutoka. Hakukuwa na gundi, uzi wala bomba.

Iliyobaki ilikuwa kukirudisha kihisi nyuma kwenye bomba la fremu mpaka kilingane na njia ya ekseli, badala ya kukaa karibu na katikati kama karatasi ya Muscat ilivyoelekeza. Nafasi kati yao ilikuwa kubwa kuliko inavyoshauriwa, lakini neodimiamu haikulalamika. Akakifunga kwa tai mbili za plastiki, akakata mikia. Akaizungusha pedeli kwa mkono, kioo kikahesabu. Akataka shilingi elfu mbili. Baba Watoto alimpa elfu tano, na ninavyomjua, elfu tatu za juu zilikuwa za kumfunga mdomo asisimulie barazani. Hazikutosha.

Namba za kweli zilipoanza kuja hazikuwa za Ventoux. Hamsini na nane. Alfajiri baada ya alfajiri alirudi na hamsini na kitu, kisha sitini na kitu. Alijifunza kushusha gia kabla ya mlima badala ya katikati yake. Alilalamika kwamba gia nyepesi inamfanya aonekane mtoto anayejifunza. Halafu siku moja alipanda ngazi bila kushika goti, na hakusema kitu, nami sikusema kitu. Wastani wake ulifika sabini na moja, ukakaa hapo, na tukaanza kuambiwa wastani huo wakati wa kufuturu, wakati wa kulala, na mara moja mbele ya mchumba wa mtoto wetu wa pili.

Baiskeli yangu ilipopata pancha nilichukua yake kwenda soko la Mgandini. Nilikwenda na kikapu, nikarudi na kikapu kimejaa mihogo na samaki, khanga nimejifunga kiunoni, gia sikuigusa. Niliikuta nyepesi nikaiacha nyepesi. Sikutazama kioo hata mara moja. Yeye ndiye aliyekitazama, nikiwa bado napakua samaki.

"Nani kaipanda hii?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Na samaki."

Wastani ulikuwa themanini na nne. Aliinama akaikagua sumaku, akaigusa, akakitikisa kihisi. Akasema mashine imeanza tena ugonjwa wake wa kuhesabu mara mbili, kwa hiyo namba yangu ya kweli ni arobaini na mbili, jambo ambalo si baya kwa mtu asiye na mazoezi. Akanyoosha shingo kuelekea jikoni.

"Mama! Hebu njoo na tasbihi yako umhesabu huyu."

"Huyo nimeshamhesabu jana, ulipokuwa msikitini," alijibu mama mkwe. "Panda wewe."